Simu za Ndani na za Nje: Njia Ipangwe Kabla Fundi Hajalipwa

Hoteli, zahanati na maduka mengi ya jumla hapa Pwani sasa yana mtambo wao wa simu. Fundi huja, akaufunga, akalipwa, akaenda zake. Wenye biashara wengi hawaulizi jambo moja: simu ikipigwa, inapita njia gani? Mimi naona hilo ndilo swali la kwanza, kwani jibu lake laweza kuokoa pesa na pia roho ya mtu.

Mtambo huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha simu za ndani. Kila meza au chumba hupewa nambari fupi, tuseme 201 mapokezi na 202 kwa mhasibu, na wawili hao huzungumza bila malipo. Ya pili ni kugawanya laini za nje: watu 20 waweza kutumia laini 4, maana hawapigi wote kwa wakati mmoja.

Mtambo hutambua njia kwa kusoma tarakimu. Kwa desturi, anayetaka laini ya nje hutanguliza 0 au 9. Hapa Kenya 9 ina hatari yake, kwa kuwa nambari yetu ya dharura ni 999. Mgeni akiona moshi akapiga 999, mtambo usiowekewa kanuni maalum huichukua 9 ya kwanza kuwa ni ombi la laini, kisha hutoa nje 99 peke yake. Hapati mtu.

Msiba wa namna hii umeshatokea. Mwaka 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, Marekani, Kari Hunt aliuawa huku bintiye wa miaka 9 akipiga 911 mara nne bila kupata, kwa sababu simu ya chumbani ilitaka 9 itangulizwe. Sheria yenye jina la Kari ilitiwa sahihi mwaka 2018. Inataka mitambo mipya iruhusu 911 kupigwa moja kwa moja.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, mwambie fundi wako haya:

1. 999 na 112 zitoke moja kwa moja kutoka kila simu, bila kutanguliza chochote.

2. Nambari za ndani zisianze kwa tarakimu ya laini ya nje.

3. Simu za ng'ambo, zinazoanza kwa 000, zifungwe ila kwa wanaozihitaji.

4. Simu inayoingia ifike mapokezi au kwenye nambari ya ndani, isipewe ruhusa ya kutoka tena nje.

Hilo la nne ndilo linalosahaulika sana. Katika Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, simu zinazoingia na zinazotoka huweza kuwekwa mafungu mbalimbali, kila fungu na kanuni zake. Mafungu hayo yakichanganywa, au nywila zikiwa dhaifu, wezi hupenya wakapiga ng'ambo usiku kucha, na bili ikamwangukia mwenye biashara. Nyumba zetu za Kiswahili zina mpango huo huo: mgeni hupokewa dakani, haendi moja kwa moja hadi uani.

Kanuni hizo ziandikwe kwenye karatasi moja, ibaki afisini. Kisha keti na fundi mjaribu kila njia, ndipo umlipe.