Majimaji ya Mti na ya Kidonda: Kinachotoka na Kinachokamuliwa

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wako wagonjwa wenye vidonda vinavyovuja usaha ambao huacha swala siku nyingi, wakingoja vikauke, kwa kudhani kuwa hawana twahara. Tumeona ni vyema turejee kwa wema waliotangulia.

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipochomwa jambia mwaka 23 Hijria (644 Miladia), aliamshwa kwa swala ya Alfajiri, akaswali na jeraha lake likibubujika damu. Amelipokea hilo Imam Malik katika Al-Muwatta. Kabla yake, katika vita vya Dhatur-Riqaa, Answari mmoja aliyekuwa zamu ya ulinzi alipigwa mishale mitatu ndani ya swala, naye akaendelea kuswali.

Kutokana na habari hizi, Imam Malik (aliyefariki 179 H) na Imam Shafii (204 H) walisema damu ya jeraha haitengui udhu. Imam Ahmad (241 H) alisema hutengua ikiwa nyingi. Imam Abu Hanifa (150 H) alisema damu na usaha hutengua vikitiririka kutoka mahali pake.

Hapa yafaa tukitazame kitabu Al-Hidaya cha Al-Marghinani, mwanachuoni wa Kihanafi kutoka Farghana, aliyefariki 593 H (1197 M). Yeye anasema lengelenge likichunwa na majimaji yakatiririka yenyewe, udhu umetenguka. Lakini yakitoka kwa kukamuliwa tu, haukutenguka, kwani hayo yametolewa, hayakutoka. Katika mlango wa maji tunaikuta tofauti kama hiyo: maji yaliyokamuliwa kutoka mti au tunda hayafai kutawadhia, ila yanayodondoka yenyewe kutoka mzabibu yanafaa. Wahanafi wengi waliokuja baadaye hawakuafikiana naye katika yote mawili, lakini tunaona jinsi mafaqihi walivyopima kwa makini hata tone moja.

Kwa Mashafii, madhehebu ya wengi katika mwambao wetu, utomvu wa mti ni twahara lakini hautwaharishi. Usaha ni najisi, ila uliotoka kwenye kidonda cha mtu mwenyewe husamehewa kwa masharti yake. Ama majimaji ya lengelenge yasiyo na harufu, Ar-Rafii aliyahesabu najisi. Imam Nawawi (676 H) akasahihisha katika Al-Minhaj kuwa ni twahara.

Ndugu Waislamu, maimamu hawa wamekhitalifiana katika udhu, na hakuna hata mmoja wao aliyemruhusu mwenye kidonda kuacha swala. Hata kwa Wahanafi, ambaye damu yake haikatiki hutawadha kila unapoingia wakati, akaswali ingawa inatoka. Basi maimamu wa misikiti wawafikishie wagonjwa hukumu hii kabla swala hazijawapita.

Wallahu aalam.