Lango la Mutawintji

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za safari yangu ya Australia, na bila shaka alitarajia habari za kangaruu. Kangaruu niliwaona wengi hata nikachoka kuwahesabu. Lakini mwalimu wetu wa Historia, aliyekuwa akiturudishia kila insha iliyokosa miaka, hataniwia radhi nikiishia hapo.

Ilikuwa Julai 2018, katikati ya kozi niliyopelekwa na ofisi. Mimi na wenzangu watatu tuliondoka Broken Hill, mji wa migodi magharibi ya jimbo la New South Wales, tukafuata barabara ya vumbi kama kilomita 130 kuelekea kaskazini-mashariki. Mvua ikinyesha njia ile hufungwa. Chakula, mafuta na maji tulibeba wenyewe.

Hema tulipiga karibu na kijito kikavu, Homestead Creek, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mutawintji. Hapo nikakutana na jamaa: mikaratusi, ile ile tuliyokuwa tukiipasua kuni za jikoni kila Jumamosi! Kumbe kwao ni huko. Tulionywa tusilale chini yake, kwani matawi huanguka ghafla. Usiku baridi ilitupiga sawasawa.

Asubuhi tulitembea kwa miguu kati ya magenge mekundu. Sehemu yenye michoro mingi ya kale haiingiliki bila kiongozi, na wetu alikuwa mwenyeji, Mwaborijini wa makamo. Alituonyesha alama za mikono: mtu aliweka kiganja juu ya jiwe, akapuliza rangi ya udongo kwa mdomo, kiganja kikabaki kama kivuli. Baadhi ni vya watoto wadogo.

Vitabu vya zamani vilipenda kuanza na msafara wa Robert O'Hara Burke na William Wills, uliopita milima hiyo mwaka 1860 ukitoka Melbourne kwenda pwani ya kaskazini, pamoja na ngamia walioletwa kutoka India. Mwaka 1861 wote wawili walikufa kwa njaa na udhaifu huko Cooper Creek, katika nchi ambamo Wayandruwandha walikuwa wakila na kushiba. Mwenzao John King alipona kwa sababu wenyeji hao walimchukua wakamlisha. Nasi tulikariri majina ya "wavumbuzi" wa namna hiyo kwa ajili ya mtihani.

Baadaye wafugaji wa kondoo walitwaa ardhi na wenyeji wakasukumwa mbali. Mwaka 1967 serikali ilitenga mahali pa michoro kuwa eneo la kihistoria, na mwaka 1982 ikatangaza hifadhi ya taifa. Watalii walikuja, wengine wakaharibu michoro. Ndipo Septemba 1983 watu wa Malyankapa, Pandjikali na ndugu zao wakaziba barabara. Hawakuwa na silaha. Walisimama njiani tu, wageni wakageuza magari. Ilichukua miaka 15. Tarehe 4 Septemba 1998 walirudishiwa hati ya ardhi, hifadhi ya kwanza katika jimbo lile kurudi kwa wenyewe. Wakaikodisha kwa serikali iendelee kuwa hifadhi, wao wakiwa wengi katika bodi.

Mimi kazi yangu ni ya ardhi, kwa hiyo masikio yalinisimama. Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, wakati wa ukoloni, wakapelekwa Ngorongoro, na mabishano ya Ngorongoro hayajaisha. Si mahali pa mtumishi wa serikali kuyaamua katika jarida la shule. Ila nilikumbuka kijiji kimoja nilichokwenda kusoma ramani ya mpaka wa msitu. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwanangu, mto wetu kwenye karatasi yako unaitwaje?" Haukuwa na jina. Nilimjibu kwamba jina halibadilishi mpaka, kikao kikaendelea.

Niliporudi nyumbani nilitafuta jalada la kijiji kile, nikaenda tena. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Mwanawe alinipeleka hadi ukingoni, akanitajia jina la mto, na mahali ambapo babu zao walikuwa wakiombea mvua: hatua chache tu ndani ya mpaka wangu. Nimeliandika jina hilo katika jalada. Kuhusu mpaka, barua nimekwisha ipeleka wizarani, nangoja majibu.