Picha za Ukutani Wakati wa Vita



Leo nataka kuwaeleza habari za silaha moja iliyotumika katika vita vya 1939 hadi 1945, nayo haikuwa bunduki wala mzinga. Ilikuwa karatasi. Huko Uingereza matangazo makubwa yalibandikwa katika stesheni, madukani na kando ya njia, ili kila apitaye ayasome na kutiwa moyo. Serikali ilijua ya kuwa ndege za adui zingekuja kuangusha mabomu juu ya miji, na ya kuwa watu wakikata tamaa, jeshi peke yake halitaweza kuiokoa nchi.

Basi katikati ya mwaka 1939, kabla vita havijaanza, wakubwa walitayarisha matangazo matatu. Yote yalikuwa na taji la Mfalme juu, na chini yake maneno tu. Moja liliwaambia watu hivi: ushujaa wako, uchangamfu wako na uthabiti wako ndivyo vitakavyotuletea ushindi. Maneno hayo ni mazuri, lakini yapimeni. Ushujaa ni wako, bali ushindi ni wetu! Raia wengi waliuliza, Hao “sisi” ni nani? Wakaona kama kwamba wakubwa wameketi mahali pao, wakiwatuma wadogo wakataabike kwa faida ya wengine.

La tatu liliwaagiza watu watulie na kuendelea na kazi zao. Nakala zaidi ya milioni 2 zilipigwa chapa, zikawekwa akiba kwa siku ya mashambulio makubwa. Walakini, kwa kuwa yaliyotangulia hayakupendeza, hilo halikutolewa ila kidogo sana, na mwaka 1940 nakala nyingi zilisagwa kutengenezea karatasi mpya. Mwaka 2000 nakala moja ilionekana katika duka la vitabu mjini Alnwick, ikapigwa chapa tena, na maneno yake yakaenea duniani. Wengi hudhani ndiyo yaliyowatia nguvu watu wa London chini ya mabomu. Kumbe wengi wao hawakuyaona kamwe.

Je, picha zipi ziliingia moyoni? Mwaka 1940 mchoraji Cyril Kenneth Bird, aliyejiita Fougasse, alichora matangazo ya kuwaonya watu wasipayuke habari za vita. Yeye mwenyewe alikuwa askari, akajeruhiwa vibaya huko Gallipoli mwaka 1915. Hakuamuru wala hakutisha. Alichora wanawake wawili wakizungumza ndani ya basi, na nyuma yao wameketi Hitler na Göring, wametega masikio. Watu walicheka, na walipokwisha kucheka walikumbuka. Wahenga wetu walisema, Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Fougasse alisema neno lilo hilo kwa kalamu yake, wala hakujitenga na wale aliowaonya.

Hali kadhalika tangazo la kuhimiza kilimo lilionyesha mguu wa mtu ukikanyaga beleshi kulizamisha ardhini. Uso wa mwenye mguu hauonekani. Kwa hiyo kila mtu aliweza kusema, Huu ni mguu wangu. Vishamba vya kukodi vya wakulima wa mijini viliongezeka kutoka yapata 800,000 hadi karibu 1,400,000. Hatusemi picha peke yake ndiyo iliyofanya hayo, maana meli za chakula zilikuwa zikizamishwa baharini, na hofu ya njaa nayo ni mwalimu. Lakini picha ile iliwaonyesha watu kazi ambayo mikono yao iliweza kuifanya siku ile ile.

Basi, ndugu zangu, mkiona tangazo ukutani, msitazame rangi zake tu. Ulizeni, Asemaye yumo pamoja nasi, au amesimama mbali na kutuagiza? Mtu anayetaka kuwatia wenzake moyo na aseme “sisi” kwanza katika taabu, ndipo aseme “sisi” katika ushindi.