Msemaji aliyenyamazishwa Lodwar na nguvu za itibari

KATIKA balagha, yaani taaluma ya kusema mbele za watu na kuwashawishi, Aristotle wa Ugiriki alitaja nguzo tatu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: hoja, hisia na itibari ya msemaji. Wanafunzi wetu huzikariri zote tatu, kisha kwenye midahalo wakashughulikia hoja tu. Itibari, ile imani ambayo hadhira huwa nayo kwa msemaji, hufanywa pambo. Aristotle mwenyewe aliiona karibu kuwa nguzo kuu, ila alishikilia kwamba ijengwe na hotuba yenyewe, si sifa ambazo mtu alikuja nazo.

Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana, na ushahidi wangu uko Lodwar. Wakazi wa Kanamkemer wanaishi jirani nao.

Julai 26, 1952, Jomo Kenyatta alihutubia maelfu ya watu Nyeri katika mkutano wa chama cha KAU. Agosti 24, akiwa Kiambu, aliwalaani Mau Mau hadharani kwa laana nzito ya Kikuyu. Serikali haikumwamini; eti maneno yalikuwa na maana mbili. Oktoba akakamatwa, na Aprili 1953 Jaji Thacker akamfunga miaka 7 na kazi ngumu. Alipelekwa Lokitaung. Kifungo kilipokwisha Aprili 1959, hakurudishwa nyumbani. Akawekwa Lodwar, katika wilaya iliyofungwa ambayo mgeni hakuingia bila kibali.

Basi tazama msemaji huyu: hana jukwaa wala hadhira. Kwa hesabu ya Aristotle, itibari yake ingefifia. Lakini Juni 1958 Oginga Odinga alikuwa amekwisha kulitaja jina lake kwa heshima katika Baraza la Kutunga Sheria, wakamzomea. Mwaka 1960 Gavana Patrick Renison akatumia nguzo ya hisia, tena kwa pupa: alimwita Kenyatta kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Wengi wakasikia kinyume. Mtu anayeogopwa hivyo na gavana, walijiambia, lazima ana uzito.

Uchaguzi wa Februari 1961 ukaipa KANU viti 19 na KADU 11, na KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. Machi, viongozi wa vyama vyote viwili wakafunga safari hadi Lodwar kuonana naye.

Waturkana wenyewe wasingeshangaa sana. Katika dua za wazee wao kiongozi hutamka na waliohudhuria huitikia. Bila mwitikio, maneno yake hayajakamilika. Itibari pia hukaa kwa wanaoitikia. Wakenya walikuwa wakimwitikia mtu ambaye hawakuwa wamemsikia kwa zaidi ya miaka 8.

Aprili 11, 1961, akiwa ameshahamishiwa Maralal, Kenyatta alikutana na waandishi wa habari. Agosti akarudi Gatundu.