Jason Sendwe, Mbunge wa Katanga (1917–1964)



Kila siku katika mji wetu wa Lubumbashi tunasikia watu wakisema: "Wamempeleka kwa Sendwe." Ni hospitali kubwa wanayoitaja. Watoto wengi wa parokia walizaliwa humo, wazee wetu wengi walifia humo, lakini vijana wanapoulizwa Sendwe alikuwa nani, wananyamaza. Ndiyo sababu katika kitabu hiki cha yubile, baada ya historia ya mapadri na masista, tumeona vema kumwekea yeye ukurasa. Hakuwa mtoto wa Eklezia Katolika, alikuwa Mmetodisti. Lakini mambo ya wakati wake yaliingia hata katika nyumba za wakristu wetu, na wengine hawajaacha kuyabishania.

Alizaliwa mwaka 1917 katika inchi ya Kabongo, kati ya Waluba wa Katanga. Alikuwa mwalimu, mhubiri, na tena munganga msaidizi, cheo cha juu kabisa ambacho koloni ilimruhusu mtu mweusi katika kazi ya dawa. Watu kama hao walijulikana vijijini kuliko wakubwa wengi wa serikali. Alipoanza siasa alikuwa kiongozi wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga. Mwanzoni chama hicho kilitembea pamoja na Conakat ya Moïse Tshombe. Katika mwezi wa kumi na moja 1959 wakaachana. Conakat ilitaka Katanga ijitawale yenyewe. Sendwe alishika umoja wa Kongo. Mwanzoni mwa 1960 alikwenda Bruxelles katika mkutano wa Meza ya Mviringo, pale siku ya uhuru ilipopangwa.

Uchaguzi ulifanyika katika mwezi wa tano 1960, naye akapata kiti katika Baraza la Wabunge la Léopoldville. Lakini vita yenyewe ilikuwa Elisabethville, katika baraza la jimbo lenye viti 60. Conakat ilipata 25. Cartel, yaani Balubakat na wenzake, 22. Waliobaki walikuwa wa vyama vidogo ao hawakuwa na chama, na wengi wao waliinamia upande wa Tshombe. Sheria ya msingi iliamuru kwamba serikali ya jimbo isichaguliwe kama theluthi mbili za wabunge hawako ndani. Basi wabunge wa Cartel walitoka. Hawakuwa na silaha nyingine isipokuwa viti vitupu, na kwa siku chache viti hivyo vilitosha.

Tarehe 15 ya mwezi wa sita, bunge la Ubeleji liligeuza sheria ile, ili uchaguzi uwezekane bila theluthi mbili. Kesho yake Tshombe akachaguliwa mkubwa wa jimbo. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo kosa kubwa lilipotendeka, hata kabla ya tarehe 11 ya mwezi wa saba, Katanga ilipojitenga. Mchezo ukiisha kuanza, sheria yake haigeuzwi kwa faida ya upande mmoja! Lumumba alimtaja Sendwe kuwa mjumbe wa serikali kuu katika Katanga, Tshombe hakumpokea.

Waliofungiwa mlango wa baraza waliingia porini. Kaskazini vijana wa Balubakat walishika pinde na mishale. Jandarmeri wa Katanga wakachoma vijiji. Tarehe 8 ya mwezi wa kumi na moja 1960, karibu na Niemba, vijana wa Kiluba waliwaua askari 9 wa Ireland waliokuwa chini ya ONU. Hapa hatuwezi kumsifu kiongozi na kuwasahau wafuasi. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa mji huu, wale wa Katanga na wale wa Kasai, walikimbilia kambi ya ONU, wakalala chini ya maturubai na majani.

Mwaka uleule Sendwe akawa makamu wa Waziri Mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Lakini serikali hiyo haikuweza kuwatawala askari wake: tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1962, huko Kongolo, waliwaua wamisionari 20 wa Roho Mtakatifu. Hatia hiyo hatumwekei Sendwe. Hata hivyo yafaa msomaji ajue kwamba waliowaua mapadri wetu walivaa mavazi ya serikali ambamo yeye aliketi.

Katika mwezi wa tisa 1963 alikuwa mkubwa wa jimbo jipya la Katanga Kaskazini. Miezi michache baadaye baraza la jimbo lilimwondoa kwa kura, na wengi wa waliopiga kura hiyo walikuwa watu wa chama chake mwenyewe. Kazi iliyoanzia katika baraza karibu iishie humo. Waasi waliingia Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Yeye akarudishwa madarakani kwa muda mfupi. Na katika mwezi wa sita 1964 aliuawa katika mji huo. Hakufika miaka 50.

Wakubwa waliofuata walilitoa jina lake kwa hospitali. Munganga msaidizi wa Kabongo anakumbukwa mahali pa dawa, na hapo wagonjwa wa Kaskazini na wa Kusini wanalala kitanda kwa kitanda. Katika Misa ya yubile, kwenye sala ya marehemu, tutawataja wafu wa kambi, wafu wa Niemba na wa Kongolo, na yeye pamoja nao.