Barabara tulivu za baiskeli katika mabonde ya Oisans

BARABARA inayopanda Alpe d'Huez, kusini-mashariki mwa Ufaransa, ni miongoni mwa barabara zinazotajwa zaidi katika mchezo wa baiskeli duniani. Ina urefu wa takriban kilomita 14 na kona 21 kali zinazopinda kurudi nyuma. Kila kona imewekewa kibao chenye nambari na jina la mwendeshaji aliyewahi kushinda hapo katika mashindano ya Tour de France, kuanzia Mwitaliano Fausto Coppi aliyetamba mwaka wa 1952.

Umaarufu huo una gharama yake. Wakati wa kiangazi, mabasi ya watalii, malori ya kupeleka bidhaa hotelini, pikipiki na umati wa waendeshaji baiskeli hugombania lami hiyo moja. Anayefika hapo akitarajia kusikia ndege na maji ya mlimani huishia kusikia honi.

Hata hivyo, Alpe d'Huez ni sehemu ndogo tu ya eneo la Oisans. Pande zote za mlima huo zimetapakaa barabara nyembamba zilizochongwa ili kuviunganisha vijiji vya juu na dunia ya chini, na baadhi yazo hupitisha magari machache mno. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila barabara tulivu ina sababu ya utulivu wake. Ama inaishia kijijini bila kutokea upande wa pili, ama ni nyembamba kiasi cha kumtisha dereva, ama mawe huiporomokea. Anayepanga safari sharti kwanza aijue sababu hiyo.

Kitovu cha safari zote hizi ni Le Bourg-d'Oisans, mji mdogo ulio mita 720 hivi juu ya usawa wa bahari, yapata kilomita 50 kutoka jiji la Grenoble. Mji huo umekaa kwenye uwanda tambarare ajabu, uliozungukwa na majabali yaliyosimama wima. Utambarare huo una kisa chake. Mnamo 1191 maporomoko ya ardhi yaliuziba mto Romanche, na nyuma yake likatokea ziwa lililofunika bonde. Ziwa hilo lilidumu hadi Septemba 1219 kizuizi kilipopasuka, na mafuriko yakauangamiza mji wa Grenoble. Leo, vijia vya mashambani katika sakafu ya ziwa hilo la kale ndipo mahali pa pekee pa kupasha misuli moto kabla ya kuanza kupanda.

Kwa mgeni asiyezoea milima, njia ya busara zaidi ni ile inayoelekea kusini hadi pito la Ornon, lililo karibu mita 1,370. Mwinuko wake ni wa kiasi, barabara imo ndani ya bonde dogo lenye kivuli, na upande wa pili inateremka kuelekea Valbonnais. Haina sifa kubwa, na pengine hiyo ndiyo sifa yake.

Mwenye kutaka mandhari na aanze kwa barabara ile ile ya Alpe d'Huez, apande kona chache za kwanza hadi kijiji cha La Garde, kisha akate kulia kuelekea Auris. Ghafla umati unatoweka. Barabara imechongwa ubavuni mwa genge, juu kabisa ya mto Romanche, na kinachomtenga msafiri na shimo ni ukuta mfupi wa mawe. Mwenye kizunguzungu cha vimo hafai kupita hapa. Mwingine yeyote atakubali kwamba hii ndiyo barabara bora ya Oisans nzima, na ajabu ni kuwa maelfu ya watu huipita njiapanda yake kila kiangazi bila kugeuza shingo. Hatimaye inashuka hadi Le Freney, kwenye barabara kuu.

Upande wa magharibi, kutoka kijiji cha Huez, kipo kijia cha lami kinachopita mahali paitwapo Pas de la Confession, yaani Pito la Maungamo, kabla ya kufika Villard-Reculas na kuteremka hadi Allemond. Akilitazama bonde lilivyo chini ya magurudumu yake, msafiri hahitaji kuelezwa jina hilo lilitoka wapi.

Njia ndefu zaidi ya kuliepuka kundi ni ile ya pito la Sarenne, lenye kimo cha mita 1,999. Inaanzia nyuma ya Alpe d'Huez, inavuka malisho ya kondoo, kisha inateremka kwa ukali hadi bwawa la Chambon. Lami yake imechakaa, kona hazina vizuizi, na mifereji ya maji hukatiza barabara. Tour de France iliposhuka Sarenne kwa mara ya kwanza, Julai 18, 2013, baadhi ya waendeshaji walikuwa wamelalamika kwamba ni hatari. Siku hiyo Alpe d'Huez ilipandwa mara mbili. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyewahi kuiwakilisha Kenya kabla ya kuchukua leseni ya Uingereza mwaka wa 2008, aliishiwa na nguvu karibu na kilele cha mwisho, lakini hakupoteza jezi ya manjano na akatwaa taji lake la kwanza. Kwa msafiri wa kawaida ni afadhali kuipanda Sarenne kutoka upande wa Chambon. Kupanda ni kugumu, ila anayepanda polepole ana nafasi ya kuyaona mashimo.

Uhusiano wa Kenya na milima hii hauishii kwa Froome. Mwaka huo huo wa 2008, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi walipelekwa kutoka Eldoret kujipima kwenye kona 21 za Alpe d'Huez, na Nderi akatumia takriban dakika 42. Inafaa kukumbuka kwamba Eldoret, ulio karibu mita 2,100, uko juu zaidi ya mstari wa kumalizia wa Alpe d'Huez ambao ni mita 1,850 hivi. Hewa nyepesi, inayowasumbua wengi kutoka nyanda za chini, haikuwa ngeni kwa vijana hao.

Barabara ya ukimya kamili ni ile ya Villard-Notre-Dame. Inaanzia mjini Le Bourg-d'Oisans na kupanda takriban kilomita tisa kwa ukali usiolegea, ikipenya mahandaki yaliyochimbwa katika mwamba bila taa ndani yake. Huko juu ni kijiji chenye wakazi wasiofikia mia moja, na lami inaishia hapo. Zaidi ya hapo ni njia ya changarawe kuelekea Villard-Reymond, isiyofaa matairi membamba. Bila taa ya mbele na ya nyuma mtu asithubutu. Isitoshe, baada ya mvua kubwa vipande vya mawe hutapakaa barabarani, na njia ya kurudi ni hiyo hiyo.

Kuhusu mawe na maji, Oisans imepata mafunzo machungu. Mnamo Aprili 2015, mlima ulioanza kuteleza juu ya bwawa la Chambon ulisababisha kufungwa kwa handaki la barabara kuu ya kwenda pito la Lautaret. Wakazi wa upande wa pili walikatiwa njia ya kazini, shuleni na hospitalini. Kwa muda boti ziliwavusha bwawani, na hata Tour ya mwaka huo ikabadilishiwa njia. Barabara ya dharura ilifunguliwa mwishoni mwa 2015, na handaki jipya mnamo Desemba 2017.

Pigo jingine lilikuja Juni 2024. Bonde la Vénéon lilikuwa kipenzi cha waendeshaji kwa sababu barabara yake inaishia La Bérarde, kijiji cha wapanda milima kilichozungukwa na vilele vyenye barafu. Usiku wa kuamkia Juni 21, kijito cha Étançons kilifurika na kukifukia kijiji hicho kwa mawe na tope, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Vitabu vya mwongozo vilivyochapishwa kabla ya hapo vingali vinaisifu njia hiyo. Asivifuate mtu kabla ya kuuliza katika ofisi ya watalii ya Le Bourg-d'Oisans iwapo barabara imefunguliwa, na hadi wapi.

Msimu ni mfupi. Sarenne hufungwa na theluji majira ya baridi, sawa na mapito mengine marefu kama Glandon na Galibier, na mara nyingi hayapitiki vyema kabla ya Juni. Katika kiangazi zipo siku chache ambapo baadhi ya barabara za kupanda hufungiwa magari kwa saa kadhaa asubuhi ili waendeshaji wapite, na ratiba yake hutangazwa mapema. Siku nyinginezo, kuondoka alfajiri hukwepa magari na pia ngurumo za radi za alasiri.

Gia nyepesi ni lazima kwa miinuko hii. Wakati wa kuteremka, breki zibanwe kwa vipindi na kuachiliwa, kwani kuzishikilia mfululizo hupasha rimu moto na kuweza kupasua tairi. Chupa mbili za maji, koti jepesi la upepo na vifaa vya kuziba pancha vibebwe hata siku ya jua kali, maana njiani hakuna duka wala fundi. Huko magari hupita upande wa kulia, na Mkenya aliyezoea kushoto hukosea zaidi pale anapoingia tena barabarani baada ya kusimama kupiga picha.