Randa na Brashi: Utengano wa Ufundi na Ubunifu katika Elimu ya Uganda, 1922–1962

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi katika kilima cha Makerere, Kampala. Wanafunzi wa kwanza walikuwa vijana 14 wa kiume, na masomo yao yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Asili hiyo ya Chuo Kikuu cha Makerere hutajwa kwa fahari, lakini ni nadra kuulizwa ufundi wenyewe uliishia wapi. Makala haya yanahoji kwamba elimu ya ufundi nchini Uganda haikukosa ubunifu. Ilitenganishwa nao kwa maamuzi ya kitaasisi.

Utengano huo haukuwapo katika ufundi wa jadi. Katika Buganda, mtengenezaji wa lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, alirithishwa mbinu na ujuzi wa kutathmini uzuri wa kazi kwa pamoja. Shule ya kikoloni ilikuwa na shabaha finyu zaidi: kuwapata mafundi wa kuhudumia idara za serikali. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilihimiza kilimo na kazi za mikono kwa hoja ya kuilinganisha elimu na mazingira ya Mwafrika. Katika mtazamo huo, mkono wa mwanafunzi ulithaminiwa kuliko fikra zake.

Njia tofauti ilianza mwaka 1937, Margaret Trowell alipoanzisha madarasa ya sanaa ambayo baadaye yaliingizwa Makerere. Badala ya kuwapa wanafunzi picha za kunakili, aliwasimulia tukio kwa maneno, kisha kila mmoja akachora alichokiona akilini mwake. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Mtazamo wa Trowell haukuwa huru na dhana za kikoloni, kwani aliamini kwamba Mwafrika ana kipaji cha asili kinachopaswa kukingwa dhidi ya athari za Ulaya. Hata hivyo, mbinu yake ilimtambua mwanafunzi kuwa chanzo cha wazo, si mtekelezaji wa wazo la mwingine.

Taasisi hazikuliendeleza funzo hilo kwa usawa. Mwaka 1949 Makerere ilifanywa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na shule ya sanaa ikabaki kilimani. Mafunzo ya ufundi yalikwisha kuondolewa katika chuo hicho na kupewa taasisi yake, ambayo mwaka 1958 ilihamia Kyambogo, mashariki mwa jiji. Kwa hiyo brashi ilibaki na hadhi ya shahada, na randa ikaenda na hadhi ya cheti.

Kwamba utengano huo haukuwa wa lazima kunathibitishwa na Gregory Maloba, mwanafunzi wa Trowell kutoka Kenya, aliyebuni Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962. Sanamu hiyo ya mtu aliyevingirishwa nguo, akimwinua mtoto juu, ni wazo la msanii. Lakini ili isimame, ilidai pia hesabu ya uzito na egemeo, ambayo ni elimu ya mjenzi.

Suala hili lina uzito wa kisera. Kuundwa kwa Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003, kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu, kulitoa fursa ya kuziba pengo hilo. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 nayo iliweka msisitizo katika umahiri. Lakini umahiri ukipimwa kwa kufuata kielelezo pekee, mwanafunzi anayebuni kiungo bora cha mbao atahesabiwa kuwa amekosea. Inafaa basi kila mtihani wa karakana uwe na kazi moja isiyo na mchoro, ambapo mtahiniwa anapewa tatizo na vifaa, kisha anatakiwa kueleza kwa nini alichagua suluhisho lake.